Rudisha Neno Kwanza: Kumbukumbu ya Febronia Alute

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Kama kuna chungu mekoni, kiepueni kidogo. Leo tunamkumbuka mtu aliyejua kusikiliza, na mtu wa namna hiyo haifai kumsikiliza nusu nusu.

Jina lake ni Febronia Alute. Alizaliwa Mughembe, upande wa Mgori, mkoani Singida. Alifariki mwezi wa nne mwaka huu wa 1975, katika kijiji cha Mbugani, mkoa huo huo. Mughembe na Mbugani. Yashikeni majina hayo mawili, maana maisha ya mama huyu yalivutwa huku na huku kati yake.

Febronia alikuwa kiongozi wa Umoja wa Kusikilizana. Si chama cha siasa, wala si idara ya serikali. Ulikuwa umoja wa hiari. Hakuna aliyelipwa. Waliingia kijiji kwa kijiji, wakala walichopewa, wakalala walipoonyeshwa, wakafundisha watu namna ya kukaa katika mkutano, kubishana, kupiga kura, na kurudi nyumbani wakiwa bado majirani.

Mtu atauliza, hilo nalo ni la kufundishwa? Ndugu yangu, ni la kufundishwa! Bendera hupandishwa asubuhi moja. Kumwacha jirani yako amalize kusema, hilo huchukua miaka.

Turudi mwaka wa 1963. Uhuru ulikuwa bado mchanga. Pale Mughembe, chini ya yale mawe makubwa yaliyopangana kama mkono wa mtu, watu waliitwa kuchagua mwenyekiti wao. Hawakumchagua. Walichapana fimbo.

Chanzo kilikuwa ng'ombe. Samweli, mdogo wake Febronia, alikuwa mfugaji. Ng'ombe wake walivunja ua wakaingia katika shamba la uwele la Shehe Mughwai, mwalimu wa msikiti mdogo wa pale. Wakristo wakasimama nyuma ya Samweli. Waislamu wakasimama nyuma ya Shehe. Ng'ombe hawana dini, wasikilizaji, lakini ugomvi wao ulipata dini mbili. Ikafika mahali mtu anafiwa, na jirani anapita kwa mbali kama hakusikia kilio.

Febronia alikuwa na umri wa miaka thelathini na kidogo. Mumewe, Bonaventura, alikuwa mchonga mizinga ya nyuki, mtu mkimya, na mwana wao aliitwa Urbano. Mama huyu alitandika ngozi ya ng'ombe mbele ya nyumba yake. Akamwita mdogo wake na Shehe, akawaketisha juu ya ngozi hiyo hiyo moja, magoti yakigusana. Watu wakaja kutazama. Walitegemea kuona fimbo nyingine.

Akasema, "Sheria ni moja. Hujibu mpaka umerudisha neno la mwenzako. Umrudishie kama alivyolitoa. Yeye akisema, 'Ndivyo nilivyosema,' hapo ndipo utoe lako. Shehe, anza."

Shehe Mughwai akasema, "Ng'ombe wake wamekula uwele wangu, na hakuja kuniona."

"Samweli, rudisha."

"Anasema mimi ni mwizi."

"Sikusema hivyo!" Shehe akaruka.

"Hakusema hivyo," Febronia akasema. "Rudisha."

"Anasema ng'ombe wangu wana njaa kwa sababu mimi ni mvivu."

Watu wakacheka. Shehe akamgeukia Febronia. "Mama Urbano, huyu mdogo wako masikio aliyaacha zizini?"

"Rudisha, Samweli. Jua linazama."

Samweli akavuta pumzi. Akatazama chini. Akasema polepole, "Anasema ng'ombe wangu wamekula uwele wake. Na mimi sikwenda kumwona."

Shehe akasema, "Ndivyo nilivyosema."

Samweli mwenyewe, ambaye leo ni mtu mzima, alituambia hivi: "Nilipolisema lile neno kwa kinywa changu, nikaliona. Kumbe yule mtu hakuwa anadai uwele. Alikuwa anadai niende kumwona. Nilikuwa na hasira ya miezi na kitu ambacho hakijasemwa."

Huo ndio mwanzo wa Umoja wa Kusikilizana. Ulianzia juu ya ngozi ya ng'ombe. Na Shehe Mughwai akawa mtu wa kwanza kujiunga nao. Tangu siku ile Febronia na Shehe walitembea pamoja, yeye na rozari yake, Shehe na tasbihi yake. Kwenye mikutano yao shughuli ilisimama wakati wa swala, na Jumapili haikuitishwa mpaka misa imekwisha.

Walifika Manyoni. Walifika Itigi, mji wa reli, ambako watu wa kila kabila wameshushwa na treni wakasahau kupanda tena. Hapo Itigi, muuza asali mmoja, msichana, alimsimamisha Febronia katikati ya hotuba. "Mama, unanijibu na hujarudisha neno langu."  Febronia akapiga makofi kwa furaha, akamrudishia neno lake lote, na ndipo akaendelea. Shehe alimtania njia nzima ya kurudi. "Leo mwalimu kachapwa!"

Sasa, wasikilizaji wapendwa, twende kwenye jambo lililomgusa Febronia kuliko yote.

Mwaka wa 1966 mumewe, Bonaventura, alifariki. Alizikwa Mughembe, kando ya zizi la nyumbani, kama ilivyo desturi. Febronia alizungushia kaburi ua wa mnyaa, ule mti wa utomvu mweupe unaoota hata kwa tawi. Lakini ua ule aliupanda mpana. Ndani yake aliacha nafasi ya kaburi la pili. Kila asubuhi alifagia pande zote mbili, upande wa mumewe na upande ule mtupu. Mwanawe Urbano alikuwa kijana wakati huo. Anakumbuka mama yake akiegemea ufagio na kusema, "Hapa ni pangu. Popote nitakapokwenda kuhangaika, mtanirudisha hapa."

Hilo ndilo lilikuwa tumaini lake. Hakuwa na tumaini jingine kubwa. Alitaka kulala karibu na Bonaventura, Mughembe.

Ikaja miaka ya Ujamaa. Watu waliokuwa wametawanyika waliambiwa wakae pamoja, ili wapate shule, zahanati na maji. Mwaka wa 1970 watu wa upande ule walikubaliana kuunda kijiji kimoja. Swali likawa, wapi? Wengine walitaka Mughembe, palepale penye mawe, kwenye nyumba na makaburi yao. Wengine walitaka Mbugani, mwendo wa asubuhi nzima kutoka hapo, penye barabara na maji ya karibu. Shehe Mughwai alitaka Mbugani. Wanawake wengi walitaka Mbugani, maana wao ndio waliobeba maji. Samweli alitaka Mughembe. Na Febronia? Febronia pia alitaka Mughembe, na hakuna aliyeuliza sababu. Ua wa mnyaa ulionekana na wote.

Yeye ndiye aliyepewa kusimamia kura.

Sikilizeni walivyopiga kura. Umoja ulikuwa na desturi yake. Zamani watu walisimama nyuma ya waliyemtaka, na mke akasimama alikosimama mume. Febronia aliikataa desturi hiyo ya zamani. Aliweka vyombo viwili ndani ya nyumba. Kila mtu aliingia peke yake na mbegu moja, akaitia anakotaka, akatoka. Mbegu ilikuwa ya nyonyo, ile ya kukamua mafuta, isiyoliwa. Siku zote nyonyo. Lakini mwaka ule nyonyo zilikuwa zimekwisha kupelekwa sokoni.

Samweli akasema, "Dada, mbegu ni mbegu. Tumieni mtama."

Wakatumia mtama. Nyumba ilikuwa ya Samweli. Kura ya Mughembe ilikuwa mtungi wa maji, wenye shingo nyembamba. Kura ya Mbugani ilikuwa chungu cha ugali, chenye mdomo mpana. Watu waliingia na kutoka asubuhi yote. Mchana Shehe na wenzake wakaenda kuswali, wengine wakaenda kula. Nyumba ikabaki na vyombo viwili, mlango umesindikwa tu.

Waliporudi wakahesabu. Mughembe ikashinda, na kwa mbali. Mtu mmoja alisema mbegu zote kwa jumla ni chache kuliko watu waliopiga. Samweli akamjibu, "Wenye njaa wametafuna kura zao!" Watu wakacheka. Wanaume wa Mughembe wakaanza kuimba. Samweli alirukaruka kama kijana aliyetoka jandoni. Wanawake waliotaka Mbugani walibeba ndoo zao kimya kimya, wakaanza kuondoka.

Febronia alikuwa ndani, anakusanya vyombo. Alikuwa ameshinda. Ua wake wa mnyaa ulikuwa salama. Akainua kile chungu cha Mbugani ili akifute. Ndani yake, chini kabisa, kulikuwa na unyoya.

Unyoya wa kuku, wasikilizaji. Mwekundu, mdogo.

Hakuna mtu aliyemwona. Nje wanaimba. Angeweza kuufuta pamoja na vumbi. Baadaye alimwambia Shehe kwamba alisimama pale muda mrefu, unyoya kiganjani, akisikia watu wake wakiimba jina la Mughembe. Alimwambia Shehe, "Nilimwona Bonaventura. Nilimwona kabisa, amekaa, ananingoja."

Kisha akatoka. Akaunyanyua mkono juu. Nyimbo zikafifia.

"Kuna mpiga kura mmoja hatukumwandikisha," akasema. "Ameacha unyoya wake ndani ya chungu cha Mbugani. Nadhani alikuja na ndugu zake."

 Halafu Shehe Mughwai akaelewa, akashika kichwa. "Samweli! Hata kuku wako umewafundisha siasa!"

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Samweli hakucheka. Alimvuta dada yake pembeni. Maneno aliyomwambia ametueleza mwenyewe, bila kujificha.

"Dada, nyamaza. Tumeshinda."

"Tumemshinda nani?"

"Wao! Wa Mbugani!"

"Mdogo wangu, tumewashinda kwa tumbo la kuku."

"Na shemeji je? Utamwacha shemeji peke yake na fisi?"

 Samweli anasema Febronia alimtazama, macho yamejaa. Kisha akageuka, akawaambia watu kwamba kura itarudiwa, na safari hii zitafutwe nyonyo hata kwa kuomba vijiji vya mbali.

Zikatafutwa. Kura ikarudiwa. Mbugani ikashinda.

Nani kati yetu angefanya hivyo? Nauliza kwa sauti kubwa, kwa sababu wako watu wenye viti vikubwa wanaodhani kura ni kitu cha kupata tu. Mama huyu aliijua kura kuwa ni kitu cha kupoteza pia. Na alichopoteza hakikuwa kiti. Alipoteza mahali pake pa kulala milele.

Watu wa Mughembe walisitasita kuhama. Febronia alikuwa wa kwanza. Alipanda juu ya tembe lake mwenyewe, akafukua udongo, akang'oa miti ya paa mmoja mmoja. Watu walipoona mama aliyetaka kubaki anabomoa, wakashika mashoka. Asubuhi ile alikwenda kaburini akafagia pande zote mbili. Akaweka ufagio pale pale, akaondoka bila ufagio.

Huko Mbugani aliishi miaka mitano. Kijiji kilipata shule. Kilipata zahanati. Makanisa na msikiti vikajengwa na mikono ile ile, watu wakabebeana matofali. Njia ya ng'ombe ilipimwa na kuwekwa mipaka, na Samweli na Shehe ndio waliokuwa walinzi wake. Febronia aliendelea na safari za Umoja. Mughembe ikageuka pori.

Mwezi wa tatu mwaka huu alikwenda Manyoni, kusuluhisha mkutano uliogawanyika. Alirudi juu ya lori, mvua imemlowesha, homa imemshika. Zahanati ilifanya iliyoweza. Mwezi wa nne, Febronia Alute akatutoka.

Mwanawe Urbano anafanya kazi ya reli Itigi. Habari zilimfikia akiwa kazini. Aliingia Mbugani akiwa bado na vumbi la safari, akapita katikati ya waombolezaji, hakukaa. Alichukua jembe. Akasema, "Nakwenda Mughembe kuchimba. Mama atalala na baba."

Hakuna aliyempinga. Mjomba wake Samweli akasimama, akachukua jembe lake pia. Wazee walitikisa vichwa kukubali. Ilikuwa mbali na njia imeota miiba, lakini vijana wakaanza kukata fito za machela. Wote waliujua ua wa mnyaa. Wote walidhani wanajua alichotaka.

Shehe Mughwai alikuwa amekaa kwenye mkeka. Miguu yake siku hizi haina nguvu. Akaita, "Urbano."

"Shikamoo, Shehe."

"Marahaba, mwanangu. Tutakubebea mama yako mpaka Mughembe, na mimi mnibebe nyuma yake. Lakini huu ni msiba wa Febronia. Hatuendi kinyume cha sheria yake. Umetupa neno lako. Bado hujarudisha la kwake."

"Neno gani?"

"Sijui. Sikuwepo. Wewe ndiye mwanawe. Mara ya mwisho ulipomwona, alisema nini kuhusu kuzikwa? Lirudishe, kisha twende."

Wasikilizaji wapendwa, Shehe aliuliza kwa desturi tu. Alidhani ni jambo la kupita. Hakujua amegusa nini.

Maana Urbano alikuwa amelisikia neno. Alilisikia peke yake. Wakati wa mavuno ya mwaka jana alikuja kumsalimia mama yake, wakawa wawili tu, wanapura mtama. Hakuna mtu mwingine duniani aliyejua. Na Urbano alitaka baba yake asikae peke yake. Alilitaka hilo tangu siku baba alipozikwa. Ilitosha aseme, "Alisema mnirudishe Mughembe." Neno hilo alilisema kweli, miaka ya nyuma. Nani angemshtaki?

Alisimama na jembe mkononi. Fito zikaacha kukatwa. 

Kisha akalirudisha.

"Mama alisema, 'Urbano, mnizike hapa Mbugani.' Nikamwuliza, na baba je? Akasema, 'Niliwaambia watu wafuate wengi, wakaacha makaburi ya watoto wao. Nikirudi Mughembe nikiwa maiti, nitakuwa niliwadanganya nikiwa hai. Baba yako ataelewa. Yeye alikuwa mchonga mizinga. Alitundika mzinga, akangoja nyuki. Alizoea kungoja.'"

Urbano akamaliza. Kisha, kwa mazoea ya kulelewa na mama yule, akainua macho, akangoja. Akangoja kama wanavyongoja wote waliorudisha neno. Alingoja mtu amwambie, "Ndivyo nilivyosema."

Na mwenye kusema hivyo alikuwa amelala ndani, amefunikwa shuka.

Hapo ndipo kijana huyo alipoanguka magotini na kulia. Hapo ndipo Mbugani nzima ilipolia, Mkristo na Mwislamu, mfugaji na mkulima, waliokuwa wa Mughembe na waliokuwa wa Mbugani. Samweli alimwondolea mpwa wake jembe mkononi. Akaenda pembeni mwa kijiji, karibu na njia ya ng'ombe, akapiga jembe la kwanza.

Siku chache baadaye Urbano alikwenda Mughembe peke yake. Ua wa mnyaa bado upo, umekuwa mrefu kupita mtu. Alikata tawi moja, akarudi nalo, akalichomeka kwenye udongo mbichi wa kaburi la mama yake. Tumeambiwa limeshika.

Kwa mama huyu tumetunga ubeti mmoja, na tunausoma kwa niaba ya wote waliokaa juu ya ile ngozi:

Febronia umelala, kijijini kwa wenzio,
Kura hukutia hila, ukakubali kilio,
Umetuachia mila, ya kutega masikio,
Neno lako twarudisha, nani wa kuitikia?

Tunawapa pole ndugu Urbano na wote wa nyumba ya Bonaventura. Pole ndugu Samweli. Pole Shehe Mughwai, uliyebaki na safari bila mwenzako. Poleni watu wa Mbugani, na wanachama wa Umoja wa Kusikilizana wa Manyoni, Itigi na Mgori. Mungu amlaze mahali pema.

Na wewe unayesikiliza, hebu fikiri. Yuko mtu nyumbani mwako ambaye humalizi kumsikia kabla ya kumjibu. Labda ni mke, labda ni baba, labda ni jirani wa ng'ombe na uwele. Leo, kabla hujamjibu, mrudishie neno lake. Kisha ungoje. Wa kwako yu hai. Atakuitikia.